Sura ya 6: Dume Hajamwona, Mayai Ameyapata Wapi?

Swali hili huja kwa namna mbili. Kuna anayeuliza akishangaa: kinyonga wangu amekulia kizimbani peke yake, dume hajamwona hata kwa mbali, na jana ametaga mayai zaidi ya 30. Na kuna anayeuliza akiwa amechelewa: kinyonga wangu alinenepa, akasusa chakula, akashinda chini ya kizimba siku kadhaa, leo asubuhi nimemkuta amekufa, ulikuwa ugonjwa gani? Mara nyingi wote wawili wanauliza jambo moja. Kinyonga wa yule wa kwanza alipata pa kutagia. Wa yule wa pili hakupata.

Ninayemzungumzia hapa ni kinyonga wa Yemen, mwenye kofia ndefu ya mfupa kichwani, ambaye kwa jina la kisayansi huitwa Chamaeleo calyptratus. Kwao ni Yemen na kusini magharibi mwa Saudia, lakini wanaouzwa madukani Ulaya na Marekani Kaskazini wengi wao wamezaliwa kizimbani, na wazazi wao vilevile. Nimemchagua kwa kuwa ndiye anayefugwa sana, na kwa kuwa jike wake hutaga mayai mengi tena kwa kufuatana. Yule kinyonga wa Madagaska mwenye rangi za kuvutia, Furcifer pardalis, hutunzwa kwa njia inayokaribiana na hii, ila mayai yake huwa machache.

Msomaji aliyeko Afrika Mashariki asiichukulie sura hii kuwa ruhusa ya kwenda kumwangua kinyonga mtini na kumfungia nyumbani. Sheria za wanyamapori za Kenya na Tanzania zinataka kibali. Kenya ilizuia kuwauza nje vinyonga wake wa porini mwaka 1981, na Tanzania ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai mwaka 2016. Sababu zipo, na ni nzuri.

Jike hahitaji dume ili apate mayai

Aliyewahi kufuga kuku wa mayai hapaswi kushangaa. Banda zima halina jogoo, na trei zinajaa kila siku. Dume kazi yake ni kulirutubisha yai, yaani kulipa mbegu itakayolifanya litoe kifaranga; kulitengeneza yai ni kazi ya mwili wa jike peke yake. Kinyonga wa Yemen yuko vivyo hivyo. Akifikisha miezi 4 hadi 6, mwili wake huweza kuanza kutengeneza mayai, apandwe asipandwe.

Tofauti ni kwamba kuku hutoa yai moja moja. Kinyonga huyabeba yote, kisha huyashusha yote kwa mkupuo mmoja. Jike mwembamba mwenye lishe ya kadiri anaweza kutaga mayai 20 au 30. Jike anayelishwa bila kipimo na kuchomwa na taa kali hufika 60, 80, hata zaidi. Viungo vingine vyote vya mwili hubanwa kupisha mzigo huo, ndiyo maana katika siku za mwisho hana nafasi hata ya chakula.

Hapa ndipo wafugaji wengi hukosea kwa nia njema. Mnyama akimkodolea macho mfugaji, mfugaji humwongezea panzi. Mwili wa jike husoma chakula kingi na joto jingi kama msimu wa neema, nao hujibu kwa mayai. Maoni yangu ni kwamba jike akishapita umri wa kukua, yaani karibu mwaka mmoja, alishwe kidogo kuliko moyo wako unavyotaka: nyenje 3 au 4, kila baada ya siku moja au mbili. Mahali pake pa kuota joto pasipite sana nyuzi 27 za Selsiasi. Atakukodolea macho, na wewe mwache akukodolee.

Na apate kalsiamu. Haya ndiyo madini yanayojenga mifupa, na ndiyo yanayojenga ganda la yai. Chakula kisipokuwa nayo ya kutosha, mwili huyachota kwenye mifupa ya mama, na baada ya mikupuo miwili au mitatu unakuta kinyonga ana miguu iliyopinda na taya laini. Kibaya zaidi, misuli nayo hutumia kalsiamu kujikaza. Jike aliyeishiwa anaweza kuwa na mayai yaliyokamilika, shimo zuri la kutagia, na asiwe na nguvu za kuyasukuma. Kwa hiyo nyenje wapakwe unga wa kalsiamu karibu kila mlo.

Unga peke yake hautoshi. Ili utumbo uifyonze kalsiamu, mwili unahitaji vitamini D3, na kinyonga huitengeneza vitamini hiyo ngozini kwa kutumia mionzi ya UVB, sehemu ya mwanga wa jua ambayo macho yetu hayaioni. Kioo cha dirisha huizuia, hivyo kumweka dirishani hakusaidii. Taa maalumu ya UVB inahitajika, nayo ina hila yake: huendelea kuwaka vizuri machoni mwako hata pale mionzi yenyewe imeshapungua sana. Taa nyingi hubadilishwa kila baada ya miezi 6 hadi 12, kadiri mtengenezaji anavyoelekeza.

*Kwa ufupi: mayai huja bila dume; chakula na joto kupita kiasi huyazidisha; kalsiamu na mwanga wa UVB ndivyo vinavyompa nguvu ya kuyatoa.*

Utajuaje kwamba siku zimekaribia?

Kwanza hakikisha ni jike. Wapo walionunua "dume" wakaja kulikuta linataga. Kwa kinyonga wa Yemen, dume ana kishina kidogo cha nyama nyuma ya kila wayo wa mguu wa nyuma tangu anapoanguliwa. Jike hana.

Rangi husema mengi, ila si yote. Jike aliye tayari kwa dume huonyesha mabaka ya samawati juu ya kijani chake. Akishapandwa na kuwa na mayai, hugeuka mweusimweusi, akatapakaa madoa ya manjano na buluu, hasa akikasirishwa. Dume akimsogelea hufungua kinywa, hupuliza, huyumba huku na huku. Asiyepandwa anaweza kubeba tumbo zima la mayai na asionyeshe rangi hizo kwa ukali. Ndiyo maana sipendi mfugaji ategemee rangi pekee.

Tazama na haya:

- Ubavu umetuna kwa chini, na vinundu vya mviringo vinaonekana chini ya ngozi anaponyoosha mwili.
- Anakunywa maji kuliko kawaida.
- Anapunguza kula, kisha anaacha kabisa.
- Aliyekuwa akishinda juu matawini sasa anashuka, anazunguka sakafu ya kizimba, anakwaruza pembeni.

Dalili hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Kinyonga hana shughuli chini. Akishuka na kuanza kuzunguka bila kutulia, anatafuta udongo. Kama alipandwa, hesabu tangu siku hiyo: kwa kawaida hutaga kati ya siku 20 na 30, mara nyingine zaidi. Asiyepandwa hana kalenda ya kuhesabia, kwa hiyo mizani ndogo ya jikoni inayopima gramu inasaidia. Mpime mara moja kwa wiki, andika. Uzito unaopanda haraka kwa jike mzima ambaye chakula chake hakijaongezwa mara nyingi ni mayai.

Niseme jambo la pembeni kwa wasomaji wa nyumbani. Kinyonga wa kijani tunayemwona kwenye ua na mashamba, kuanzia pwani hadi bara, huyo Chamaeleo dilepis, naye hutaga ardhini. Ukimkuta chini anachimba, usimrudishe mtini kwa huruma wala usimpige kwa woga. Huenda ni mama aliyechagua mahali pake. Kinyonga wa pembe tatu wa milima ya Kenya na Mlima Meru, Trioceros jacksonii, hachimbi kabisa: huwabeba watoto tumboni miezi 5 au 6 na kuwazaa wakiwa hai. Wa jamii hiyo waliingizwa Hawaii mwaka 1972 kwa biashara ya wanyama wa kufugwa, na wajukuu wao wako huko porini mpaka leo. Kwa hiyo kabla hujaandaa chochote, jua unafuga wa aina gani.

Ndoo ya kutagia

Porini jike hutafuta udongo wenye unyevu, laini wa kuchimbika, mgumu wa kutobomoka, na huchimba mpaka afike kina ambacho jua la mchana halitayakausha mayai. Kizimbani hana udongo huo mpaka umletee. Asipoupata, wengine huishia kuyadondosha mayai sakafuni ovyo, na wengine huyazuia. Wanaoyazuia ndio tunaowapoteza.

Chombo kiwe na upana na kina cha angalau sentimita 30. Ndoo ya plastiki isiyopitisha mwanga inafaa. Ukitumia chombo cha kuonyesha ndani, kizungushie karatasi nyeusi, maana yeye hupenda kuchimba akiwa gizani. Kijaze mchanga laini uliooshwa, wa kuchezea watoto, au mchanga uliochanganywa na udongo wa bustani usio na mbolea wala dawa. Usijaze mpaka ukingoni. Kina cha mchanga wenyewe kiwe sentimita 20 hadi 25. Weka tawi la kumshusha mpaka ndani, na mmea mdogo au tawi lenye majani juu yake, maana wengi hupenda kuchimba kando ya shina.

Kipimo cha unyevu ni kidole chako. Kichomeke mpaka mwisho, kitoe. Shimo likibaki wazi bila kuporomoka, na maji yasitoe dimbwi chini yake, umepata. Mchanga mkavu hubomoka na unaweza kumfukia humo humo. Mchanga uliolowa chapachapa atauchungulia na kuukataa. Usisahau kwamba ukinyunyizia kizimba kila siku, mchanga nao unazidi kulowa. Weka ndoo upande ambao maji hayadondoki, na upime tena kila baada ya siku chache.

Lini uiweke? Kabla hujaihitaji. Mimi huwaambia watu waiweke kizimbani jike anapofikisha miezi 4 au 5, na wasiitoe tena. Mfugaji anayesubiri dalili ndiye huyo anayehangaika kutafuta mchanga saa tatu usiku, na ndiye atakayemsumbua mnyama katika siku ambazo hapaswi kusumbuliwa hata kidogo.

Umwache

Hili ndilo gumu. Baada ya kusoma vyote, baada ya kununua taa na unga na mchanga, kinachobaki ni kutofanya kitu.

Jike anapochimba hana ulinzi. Kichwa kiko shimoni, mkia uko nje, hawezi kukimbia wala kujificha. Porini ndiyo saa ambayo nyoka au ndege humkamata. Kwa hiyo akiona kitu kikubwa kinamtazama, hata kama ni wewe unayemlisha kila siku, huliacha shimo. Anaweza kuanza jingine kesho. Anaweza pia kuacha kabisa, na mayai yakabaki tumboni. Kumchungulia mara kwa mara, kumpiga picha, kuita watoto waje kutazama: haya yote yana bei, na anayelipa ni yeye.

Funika kizimba kwa shuka upande unaopitwa na watu, uache kitundu kidogo cha kuchungulia. Taa ziwake na kuzimwa kwa saa zake za kawaida. Maji yaendelee: vinyonga wengi hawanywi kwenye bakuli, hunywa matone juu ya majani, basi mnyunyizie asubuhi na jioni kwa muda mrefu zaidi ya kawaida, au weka kopo lililotobolewa juu ya kizimba lidondoshe tone moja moja. Chakula mpe kidogo, na asipokila kitoe.

Atachimba shimo la kwanza, atalikataa. Pengine la pili pia. Hiyo si ishara ya tatizo, anajaribu udongo. Akiridhika huzama mpaka usimwone, hugeuka kichwa kikaelekea mlangoni, na hapo hutaga, mara nyingi jioni au usiku. Anaweza kulala ndani ya shimo. Usimtoe. Akimaliza, hufukia mayai na kukanyagakanyaga mchanga kwa miguu mpaka usijue palichimbwa wapi. Shughuli yote huchukua siku moja hadi tatu. Ukimwona juu ya tawi akiwa na udongo puani, ubavu umeingia ndani, na ngozi imelegea, ameshamaliza.

Mayai yakikwama

Kukwama kwa mayai ni hali ya jike mwenye mayai tayari ambaye hawezi, au hataki, kuyatoa. Chanzo huwa moja ya yale tuliyoyapitia: hakupata udongo, alisumbuliwa, amepungukiwa na kalsiamu au maji, ana mayai mengi mno, au lipo yai lenye umbo baya lililoziba njia. Ipo pia hali inayofanana nayo, ambapo viini vimekomaa kwenye kifuko cha mayai lakini havikushuka kupata ganda. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Kwa eksirei daktari huziona.

Mpeleke kwa daktari wa wanyama siku hiyo hiyo ukiona:

- anafumba macho mchana, au macho yamezama ndani;
- anakaa sakafuni bila kuzunguka wala kuchimba, ameshika tawi kwa ulegevu au anaanguka;
- ametaga mayai machache, tumbo bado limejaa, na amesimama hapo;
- anajikamua na hakuna kinachotoka;
- amechimba zaidi ya siku tatu bila mafanikio na nguvu zinamwishia.

Tofauti kati ya jike anayejiandaa na jike aliyekwama iko kwenye macho na mwendo. Anayejiandaa hali, lakini ana nguvu, anazunguka, macho yake yanazungukazunguka pia. Aliyekwama anazimika. Kinyonga ni mnyama anayeficha ugonjwa mpaka asiweze kuuficha tena, hivyo ukimwona amefumba macho mchana, tayari amekwenda mbali.

Usimkamue tumbo. Yai likipasukia ndani, kiini humwagika na kuleta uchafuzi ambao wachache hupona. Usimpake mafuta ya kupikia wala kumloweka kwenye beseni kwa kuwa umesikia mtu alifanya hivyo kwa kobe. Daktari ataanza na maji na kalsiamu. Akihakikisha hakuna kilichoziba njia anaweza kumchoma sindano ya oksitosini, homoni inayokaza misuli ya uzazi, na ikishindikana atafanya upasuaji wa kutoa mayai, pengine na vifuko vyenyewe ili tatizo lisirudi. Si kila daktari wa ng'ombe na mbwa anakubali kumgusa kinyonga. Mtafute anayejua reptilia sasa, mnyama akiwa mzima, na ubandike namba yake mahali unapoiona.

Ameshataga

Kitu cha kwanza ni maji. Mnyunyizie kwa muda mrefu, mpaka aache kunywa mwenyewe. Kisha chakula: siku chache za kumlisha vizuri, na kalsiamu kwenye kila mdudu, halafu urudi kwenye kile kipimo chake cha uchoyo. Atakuwa mwembamba wa kutisha kwa siku kadhaa. Akila na kunywa na kupanda juu, hana neno. Mpime, maana uzito huo wa baada ya kutaga ndio utakaokuwa mwanzo wa hesabu yako mpya.

Hesabu hiyo huja mapema. Jike wa Yemen anaweza kutaga tena baada ya miezi 3 au 4, apandwe asipandwe. Fukua mayai, badilisha mchanga, rudisha ndoo.

Mayai yenyewe uyafanyeje?

Kama una hakika hakuwahi kukutana na dume, hayatatoa kitu. Yatageuka manjano, yataingia ndani, yataota ukungu. Yatupe. Lakini kama ulimnunua akiwa mkubwa, usiwe na hakika sana: jike anaweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miezi na kuzitumia kwa mkupuo unaofuata, dume akiwa ameshasahaulika.

Ukitaka kuyaangua, fukua kwa vidole taratibu, na usiligeuze yai. Upande uliokuwa juu ubaki juu. Weka alama ya penseli laini ikikusaidia. Yalaze, nusu yakiwa yamezama, kwenye vemikulaiti yenye unyevu, madini mepesi yanayouzwa kwa watu wa bustani kwa sababu hushika maji bila kuoza. Sanduku la plastiki lenye matundu mawili matatu, kwenye nyuzi 26 hadi 28, mahali pasipo na mwanga wa moja kwa moja. Kisha ni kungoja miezi 6 hadi 9. Kinyonga mmoja wa Madagaska, Furcifer labordi, hukaa ndani ya yai miezi 8 au 9 halafu huishi nje ya yai miezi 4 au 5 tu. Sehemu kubwa ya umri wake huipitia mchangani.

Kabla hujanunua sanduku, fikiri. Mayai 40 yakianguliwa ni vinyonga 40 wanaokula wadudu wadogo kila siku, na kila mmoja, kabla hajafikisha miezi michache, atahitaji kizimba chake, kwa kuwa wakikaa pamoja huumizana na wadogo huacha kula. Kuwaachia nje si suluhisho: kinyonga wa Yemen ameshakuwa mvamizi Florida na kisiwa cha Maui huko Hawaii kwa njia hiyo. Kama huna vizimba wala wa kuwapokea, yaweke mayai kwenye friza siku ile ile yalipotagwa, kabla kilichomo ndani hakijaanza kukua.